Mwanafunzi Aliye Mwalimu: Kwa Nini Kijana Wako Injinia Amebaki Chuoni?

Mwishoni mwa kila mwaka vyuo vikuu vingi vya nchi yetu hufanya mahafali. Katika vijiji vya Ufipa, toka Laela hadi Namanyere, toka Mpui hadi Matai, wako wazazi wanaopata furaha ya kumwona mtoto wao amevaa joho. Shamba la mahindi limemsomesha. Ng'ombe wameuzwa. Mama ameuza maharage na ulezi debe kwa debe. Sasa mtoto ni injinia! Majirani wanakuja kutoa hongera, na baba anaanza kupiga hesabu moyoni: mwaka huu nyumba itapata bati jipya, mwaka ujao mdogo wake atasaidiwa masomo.

Kisha kijana anasema neno ambalo nyumbani hawakulitazamia: "Wamenichukua nibaki chuoni. Nitafundisha, na huku nitaendelea kusoma."

Hapo kitumbua huingia mchanga. Wazazi huulizana: mtu ambaye bado anasoma, anamfundisha nani? Kama amefaulu vizuri kuliko wenzake, mbona wenzake wameajiriwa katika kampuni za barabara na umeme, naye amebaki darasani? Je, ameogopa kazi? Je, ametudanganya, hakumaliza?

Karani wa parokia huandika vyeti vya ubatizo na kutunza madaftari, lakini pia huulizwa mambo mengi yasiyo ya madaftari, na hili ni mojawapo. Kwa hiyo yafaa tulieleze vizuri, ili wazazi walijue na vijana wasilaumiwe bure. Tena na wao vijana wajue wanadaiwa nini.

WAZEE WETU WALIIJUA KAZI HII

Wengine hudhani kwamba uinjinia uliletwa Ufipa na wageni. Sivyo. Mtu apitaye katika nchi ya Nkasi na sehemu nyingine za uwanda wetu wa juu aweza bado kuona mabaki ya tanuri za udongo zilizosimama porini. Wafipa waliziita malungu. Zilikuwa ndefu, kama meta 3 kwenda juu, karibu mara mbili ya kimo cha mtu, na mara nyingi zilijengwa karibu na vichuguu, kwa maana udongo wa mchwa hushikamana vizuri. Ndani yake waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti.

Ajabu yake ni hii: tanuri lile refu halikuvuviwa kwa mivukuto. Chini, kuzunguka shina lake, palikuwa na matundu ya kuingizia hewa. Moto ukishawaka, hewa ya moto hupanda juu, na ikipanda huvuta hewa mpya iingie kwa matundu ya chini. Hivyo tanuri lilijivutia pumzi lenyewe. Ndiyo kanuni ileile ya dohani, nayo hufundishwa leo katika vyuo vya uhandisi kwa hesabu na michoro. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka, basi kilipelekwa katika tanuri dogo, lililoitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Mwisho kilifuliwa kuwa jembe au shoka.

Mambo haya yamechunguzwa na wataalamu. Mmoja wao ni Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania, mtaalamu wa mambo ya kale. Mwaka 1995 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kwa utafiti wake juu ya kazi ya chuma ya kusini-magharibi ya Tanzania. Tazameni basi: msomi alipotafuta udaktari katika nchi ya mbali, alikuja kuuchimba katika ardhi yetu.

Sasa nauliza: kazi kama ile ilijifunzwaje? Hapakuwa na kitabu. Kijana alianza kwa kubeba udongo na makaa, akapewa mivukuto, akatazama, akaulizwa, akajaribu. Ndiyo maana Waswahili husema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kati ya fundi mkuu na mtoto anayebeba makaa hapana budi awepo mtu wa katikati: amekwisha kujua mengi, lakini bado yuko chini ya fundi. Mtu huyo humwonyesha mdogo namna ya kushika koleo, na huku yeye mwenyewe anamtazama mkubwa. Anajifunza kwa mkono mmoja, anafundisha kwa mkono wa pili.

Huyo ndiye kijana wako aliyebaki chuoni.

KAZI YA KUFUNDISHA IMEGAWANYIKA

Shule ya msingi mwalimu mmoja huingia darasani, hufundisha, huuliza, husahihisha. Chuo kikuu si hivyo. Mhadhiri husimama mbele ya wanafunzi mia au mia mbili, pengine na zaidi, akatoa mhadhara wa saa moja au mbili. Hawezi kumjua kila mmoja, wala kutazama daftari la kila mmoja. Kwa hiyo baada ya mhadhara wanafunzi hugawanywa katika vikundi vidogo kwa semina, kwa maabara na kwa karakana. Hapo ndipo wasaidizi wanapofanya kazi.

Natoa mfano mmoja, wa jambo ambalo kila aliyejenga nyumba atalielewa. Katika masomo ya ujenzi, wanafunzi hufundishwa kupima nguvu ya zege. Huchanganya saruji, mchanga, kokoto na maji kwa vipimo, wakajaza katika kalibu za chuma zenye sentimeta 15 kila upande. Zege likikauka hutolewa, likatunzwa katika maji. Baada ya siku 7 vipande vingine huwekwa katika mashine ya kukandamiza mpaka vivunjike. Vingine hungoja mpaka siku ya 28. Mashine huonyesha kila kipande kimebeba uzito gani kabla ya kuvunjika.

Sasa tuseme kikundi kimoja kipande chao kinavunjika mapema mno. Vijana wanatazamana. Msaidizi mbaya atawaambia tu, "Mmekosea, rudieni." Msaidizi mwema atawauliza: "Maji mliyapima kwa kopo au kwa macho?" Wanafunzi wanakumbuka kwamba mchanganyiko ulikuwa mgumu kukoroga, wakaongeza maji ili uwe mlaini. Maji yaliyozidi, yakikauka, huacha vitundu vidogo ndani ya zege, na zege lenye vitundu halina nguvu. Tangu siku ile hawatasahau. Siku moja mmoja wao atasimamia kalavati katika njia ya kijiji chenu, na fundi atakapotaka kumwaga ndoo moja zaidi, atamshika mkono.

Mhadhiri aliwaambia habari hiyo katika mhadhara. Lakini ni katika maabara, mbele ya kipande kilichovunjika, ndipo iliingia moyoni. Hii ndiyo faida ya msaidizi.

Kazi zake nyingine ni kufanya maswali ya hesabu pamoja na vikundi, kusahihisha mazoezi, kutayarisha vyombo vya maabara kabla wanafunzi hawajafika, na kuwatembelea wanafunzi wanapokuwa katika mafunzo ya vitendo viwandani na kwenye ujenzi. Zaidi ya hayo ana masomo yake mwenyewe na utafiti wake, ambao msimamizi wake anaudai. Usiku ambao wewe wadhani amelala, pengine ana madaftari 80 mezani na sura moja ya kitabu chake haijaandikwa.

NGAZI ZAKE NI HIZI

Katika nchi yetu, aliye na shahada ya kwanza tu huanza kama mkufunzi msaidizi. Si kila mtu huchukuliwa. Masomo ya uhandisi huchukua miaka 4, na alama za mwanafunzi hukusanywa zikawa wastani mmoja ambao ukomo wake ni 5. Kwa kawaida vyuo vya Serikali vikitangaza nafasi hii hudai wastani usiopungua 3.8. Kwa hiyo ukiambiwa kijana wako amebakizwa, ujue amechaguliwa katika walio mbele.

Akipata shahada ya pili, na alama zake zikiwa nzuri, hupanda kuwa mhadhiri msaidizi. Akipata udaktari, huwa mhadhiri. Kutoka hapo ziko ngazi za juu mpaka profesa. Shahada ya pili huchukua kama miaka 2. Udaktari miaka 3 au 4, na mara nyingi zaidi. Ni safari ndefu, nami sitaki kumficha mzazi.

Huko Marekani mambo ni tofauti kidogo. Mwanafunzi wa shahada ya juu hupewa kazi ya kufundisha akiwa bado ni mwanafunzi tu. Chuo humsamehe karo na kumpa posho ya kuishi. Kwetu katika vyuo vya Serikali mkufunzi msaidizi ni mtumishi aliyeajiriwa, ana barua ya kazi na mshahara, kisha hupewa ruhusa ya kusoma. Akisomeshwa kwa fedha za mwajiri, kwa kawaida hutia sahihi kwamba akimaliza atarudi kutumikia. Kwa hiyo kijana wa namna hii si mtu aliyekosa kazi. Ana kazi mbili.

TULIKOTOKA

Ili tuone kwa nini Serikali na vyuo huwabakiza vijana hawa, inafaa tukumbuke tulikotoka. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya uhandisi. Mwaka 1963 nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliunganisha vyuo vyao katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na kazi zikagawanywa: udaktari wa watu Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mtanzania aliyetaka kuwa injinia alikwenda Nairobi, au alivuka bahari.

Mwaka 1970 chuo kile kiligawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu, na Dar es Salaam ikawa na Chuo Kikuu chake. Mwaka 1973 ndipo kilipofunguliwa Kitivo cha Uhandisi hapo Dar es Salaam, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani ya Magharibi. Lakini jengo si chuo. Walimu walitoka wapi? Wengi walikuwa wageni, hasa Wajerumani. Nao wageni, hata wawe wema namna gani, mkataba ukiisha hurudi kwao.

Basi ilipasa wapatikane wenyeji. Na wenyeji wangepatikana kwa njia moja tu: kuwachukua wanafunzi waliofaulu sana, kuwabakiza kama wasaidizi, kuwapeleka kusoma zaidi, wengi wao ng'ambo, kisha kuwarudisha wafundishe. Kampuni na mashirika yalikuwa na njaa ya mainjinia vilevile, na kila kijana aliyebakizwa chuoni alionekana kama amenyang'anywa kiwanda. Lakini bila yeye, mwaka uliofuata nani angewafundisha wengine?

Sisi Wafipa twapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wote, kwa sababu ya kilimo cha ntumba. Wazee wetu, masika yakielekea kwisha, hawakuchoma majani yote. Waliyafunika chini ya udongo katika vituta, yakaoza mle, na msimu uliofuata walivitawanya na kupanda. Mtu asiyejua angesema, "Majani mazuri ya kulisha ng'ombe wanayafukia bure!" Lakini nafaka ya mwaka wa pili ilitoka humo. Kijana aliyebakizwa chuoni ni jani lililofukiwa katika ntumba. Mwaka huu halionekani.

Na matunda twayaona yakisogea karibu. Mbeya palikuwa na chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986. Mwaka 2012 kilikuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Chuo hicho sasa kina kampasi katika mkoa wetu wa Rukwa. Mtoto wa Nairobi ya zamani, kwa maneno mengine, leo aweza kusoma mlangoni petu. Lakini kila tawi jipya linataka walimu, nao hawaanguki toka mbinguni kama mana.

MZEE NA MWANAWE

Mzee mmoja wa kijiji cha mbali, ambaye sitamtaja jina, alifika ofisini kwetu akiwa na uchungu juu ya jambo hili. Alimpigia mwanawe simu mbele yangu, akaiweka sauti nje ili nami nisikie, kwani alitaka shahidi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niko hapa kwa karani. Niambie mbele yake: umemaliza au hukumaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Mtu aliyemaliza kuvuna hubaki shambani kufanya nini?"

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hubaki kuchagua mbegu."

Mzee alinitazama. Hakucheka, lakini sauti yake ilishuka. Akauliza maswali matatu, nami nayaandika hapa kwa sababu ni maswali ambayo kila mzazi angepaswa kuyauliza.

La kwanza: "Nani anakulipa?" Kijana alijibu kwamba ana mshahara, ila alisoma kwa mkopo wa Serikali, na Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Kinachobaki si kikubwa kama majirani wanavyodhani.

La pili: "Mpaka lini?" Akajibu: miaka 2 ya shahada ya pili. Baada ya hapo atarudi nyumbani waketi tena, kabla ya kuanza udaktari.

La tatu lilikuwa zito. "Na dada yako?" Mdogo wake alikuwa kidato cha sita, naye alikuwa na shabaha ya uuguzi. Kijana alisema: "Baba, bati sitaliweza mwaka huu. Nikiahidi nitakudanganya. Lakini mdogo wangu nitampelekea fedha ya matumizi kila muhula, nawe utaniuliza mimi, si mama."

Mzee alikaa kimya. Kisha akasema, "Haya. Bati halina kidato, litangoja. Lakini dada yako hangoji." Akakata simu. Hakuondoka akicheka, lakini aliondoka akijua. Kati ya mzazi asiyejua na mzazi asiyefurahi, heri yule wa pili, kwa sababu huyo aweza kupanga mambo yake.

YALIYO MAGUMU

Nisije nikaonekana nasifu tu. Yako mambo magumu, na si vema kuyafunika.

Kwanza, wapo wanafunzi wanaolalamika kwamba msaidizi ni mtoto kama wao. Mwaka jana walikula naye katika mkahawa mmoja, leo anawasahihisha. Tena hajajenga hata daraja moja, ila anafundisha madaraja! Lalamiko hili lina ukweli ndani yake. Hata sheria yatambua kwamba cheti peke yake hakitoshi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, humwandikisha kwanza kijana kama mhandisi mhitimu, naye hutakiwa kufanya kazi chini ya wakubwa si chini ya miaka 3 kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo msaidizi mwenye akili hutafuta nafasi ya kutoka chuoni, akashika koleo na kuvaa kofia ngumu, asije akawa mtu wa ubaoni tu. Na asipojua jibu aseme, "Sijui, nitatafuta, kesho nitawaambia." Kisha kesho awaambie. Mwanafunzi humheshimu mwalimu wa namna hiyo kuliko anayebahatisha.

Lakini upo upande wa pili. Msaidizi ana kitu ambacho profesa hana: anakumbuka mahali palipomuuma. Yule aliyeelewa hesabu miaka 30 iliyopita amekwisha kusahau kwamba ilikuwa ngumu. Aliyeielewa mwaka juzi anajua shimo liko wapi katika njia, kwa maana bado ana kovu la kutumbukia.

Pili, yako mahali ambapo wasaidizi hubebeshwa kazi kupita kiasi. Hupewa vipindi vingi na madaftari mengi, utafiti wao ukalala, na miaka 2 ya shahada ya pili ikawa 4. Hii si haki, wala si akili. Mkulima asiyempumzisha maksai wake wakati wa kulima atalima robo ya shamba. Wakubwa wa vyuo wanapaswa kulitazama jambo hili, na kijana naye ajifunze kusema kwa adabu, "Mzee, hii imenizidi."

Tatu ni jambo ambalo wazazi wenye mabinti wanaliogopa, nalo lazima lisemwe. Mtu anayeshika kalamu ya alama ana nguvu juu ya wengine. Katika masomo ya uhandisi wasichana mara nyingi ni wachache kati ya wavulana wengi, na mwalimu kijana ni karibu wa rika lao. Mwalimu, awe profesa au msaidizi, anayemtaka mwanafunzi kimwili kwa kumpa au kumnyima alama, ni mhalifu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yalitaja tendo hilo kuwa kosa. Binti yako ajue hivyo kabla hajapanda basi. Ajue pia kwamba TAKUKURU hupokea habari kwa simu namba 113, bila malipo. Na kijana wako aliyebaki kufundisha, mwambie wewe mzazi, kwa kinywa chako: wale wote walio mbele yako darasani ni watoto wa mtu aliyeuza maharage kama mama yako.

MZAZI AFANYE NINI?

Mzazi anayetaka mtoto wake afike huko, aanze mapema. Kuingia katika masomo ya uhandisi kwa njia ya kidato cha sita hutaka ufaulu mzuri wa Fizikia na Hisabati. Mlango huo haufunguliwi kidato cha sita; hufunguliwa darasa la tatu na la nne, mtoto anapojifunza kugawanya na sehemu. Wengi wamefungiwa nje hapo, wakiwa hawajui. Mtume mtoto dukani na umwache ahesabu chenji mwenyewe. Ukijenga ghala, mpe kamba apime. Baiskeli ikiharibika, msimfukuze asipaone, awe mvulana au msichana. Mwalimu wa hisabati wa kijiji chenu mheshimuni, maana yeye ndiye anayefyatua tofali la kwanza.

Mtoto akifika chuoni, jua jina la masomo yake: ujenzi, mitambo, umeme, maji, au mengine. Usiseme tu "yuko Dar." Muulize amejifunza nini mwezi huu, akueleze kwa Kiswahili au kwa Kifipa. Asiyeweza kumweleza baba yake jambo bado hajalielewa vizuri, na hiyo itakuwa semina yake ya kwanza.

Akibakizwa kufundisha, keti naye. Mwulize yale maswali matatu: nani anakulipa, mpaka lini, na wadogo zako je? Mpangane kwa fedha iliyopo, si kwa fedha ya sifa. Usimlinganishe na mtoto wa jirani aliyeajiriwa mgodini na kununua gari. Kila mti una msimu wake wa kuzaa, na mwembe haugombezwi kwa sababu mpapai umetangulia.

Nawe kijana, usijifanye mkubwa kwa sababu unaitwa "mwalimu" na watu mia. Piga simu nyumbani. Eleza kazi yako kwa maneno ya nyumbani. Usiahidi bati usiloliweza. Na likizo ukija, pita shule uliyosoma, ukae na darasa la saba saa moja tu, uwaonyeshe kwa maji, udongo na kipande cha kijiti namna daraja linavyobeba mzigo. Wengi wao hawajapata kumwona injinia kwa macho yao, wala hawajui kwamba aweza kutoka katika kijiji chao.

Wenye umri wa kutosha mwakumbuka safari ya Tunduma na Sumbawanga wakati wa masika, basi limelala matopeni siku mbili, abiria wanachimba kwa mikono. Leo kuna lami, zaidi ya kilomita 220, na mgonjwa anafika Mbeya siku ileile. Waliopima njia ile, waliokokotoa unene wa kokoto na upana wa makalavati, walifundishwa na mtu. Na mtu huyo, siku moja, alikuwa kijana aliyebaki chuoni wakati wenzake wameondoka, na nyumbani kwao watu wakaulizana kwa nini.